Kabari

Kiwanja kimekaa sawa na barabara ya soko,
mgongo wake umenyooshwa na lami.
Kibla inataka jingine: kaskazini,
kisha mashariki kidogo, nyuzi kumi na nne.
Mtaa unavuta huku, Makka inavuta kule,
nami katikati na rula na makombo ya kifutio.

Siku arubaini na moja nachora msikiti mdogo wa Mumias,
na kila mchoro unanibakishia ile ile pembe tatu,
kabari nyembamba kati ya ukuta wa mtaa na ukuta wa sala,
kama kipande cha kitambaa
mshonaji anachokisukumia chini ya meza kwa mguu.
Nimeifanya stoo. Nimeifanya choo;
Maalim Sakwa akakohoa, akatazama dari.
Nimeijaza zege tupu, nikaionea haya bei ya saruji.

Chuoni walinifundisha kwamba kichwa ni karakana:
jicho huagiza, kumbukumbu huleta vipuri,
na wazo jipya ni vya zamani
vilivyofungwa kwa parafujo ngeni.
Sikatai.
Lakini ni nani huingia usiku, taa zimezimwa,
asubuhi ukakuta kazi imesogea?

Madrasa nilifundishwa jina: Al-Musawwir, Mtia sura.
Yeye huliambia jambo Kuwa, nalo huwa.
Mimi nasema kuwa, penseli inavunjika.
Nasema kuwa, mhandisi Shitawa anauliza nguzo iko wapi.

Baba, fundi baiskeli wa Kibuye,
alishika kitabu kwa vidole vya grisi na kunieleza khayali:
"Ni ukumbi wenye milango miwili.
Vya juu hupita hapo vikavaa umbo,
vya chini hupita hapo vikavua uzito.
Wewe huumbi kitu, binti yangu.
Wewe unafagia ukumbi."
Kisha akarudia gurudumu lake, akalizungusha,
akalisikiliza.

Alhamisi, saa tisa, mvua ikafika kama mdai.
Wauza mboga wakakimbilia upenu wa msikiti wa mabati,
ule wa zamani, ambao ndani yake safu zimechorwa
mshazari kwa chaki, kila Ijumaa upya.
Mimi sikuwa nawaza msikiti. Nilikuwa natafuta chenji.
Nikainua macho: upande mmoja
wamejazana watu wanne kwa kina, na mikungu, na mkokoteni;
upande wa pili wamepungua, wamepungua,
mpaka msichana mmoja, na ungo wa omena kifuani,
mgongo ukutani.

Mkono ulichora kabla sijauamuru,
juu ya karatasi ya mfuko wa saruji:
kabari, iliyo wazi kwa mtaa, ina paa, ina benchi,
bila lango, bila kuulizwa wewe ni wa dini gani.
Mvua ikunyeshee, uingie.
Na anayekwenda kuswali atoke sokoni moja kwa moja,
apite humo, na nyayo zimgeuze pole pole,
nyuzi kumi na nne,
hata afikapo mlangoni nia imeshaanza bila yeye kujua.

Usiku nikakumbuka.
Kibanda cha baba kilikuwa kabari,
kimebanwa kati ya duka la mahindi na kinyozi,
nami nikicheza kwenye ncha, mahali asipofika mtu mzima.
Miaka kumi na saba sikuwahi kukiwaza.
Basi ni karakana iliyoleta kipuri?
Au ukumbi ulikuwa umefagiwa na mvua,
na mgeni akapita?
Nimelala na maswali yote mawili; hayakugombana.

Fundi Osundwa hakuuliza lolote kati ya hayo.
Aligeuza karatasi juu chini, akanusa saruji yake.
"Tofali ngapi za kukatwa upande?"
Nikamwambia mia tatu na sita.
Akaguna. Akashika msumeno,
akaikata ya kwanza, ikapasuka vibaya.
Akaiweka kando, akachukua ya pili.